Hema la Watu Wanane Hulaza Wangapi?

Mke wa askari mmoja, mkazi wa Ruziba, kusini mwa jiji la Bujumbura, ametuletea swali ambalo twaona litawafaa wasomaji wengi wa ukurasa huu. Mumewe anatazamia kupata likizo mwezi Julai, baada ya kukaa mbali na nyumbani kwa muda mrefu. Wamekubaliana kwamba mara hii hawatakaa nyumbani kupokea wageni tu, bali watawachukua watoto wao watano waende kulala siku tatu ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Rumonge. Na mwakani, Mungu akipenda, wafike hata Hifadhi ya Ruvubu. Bibi huyo ameona dukani hema kubwa ambalo mfuko wake umeandikwa "watu 8". Wao ni saba. Fedha za kulinunulia ni akiba ya miezi mingi, na akikosea hana nyingine. Je, alinunue?

Jibu letu ni kwamba asilinunue kabla ya kulipima, na twadhani akishalipima hatalinunua.

Hesabu iliyoandikwa juu ya mfuko si uongo, lakini ni hesabu ya muuzaji. Yeye huwapanga watu bega kwa bega, kila mmoja akipewa upana wa kiasi cha sentimita 60, kama samaki wa kukaushwa. Hamhesabu mtoto ajigeuzaye usiku, wala sanduku la nguo, wala sufuria, wala ndoo ya maji, wala viatu vya watu saba. Tuchukue mfano wa hema ambalo sakafu yake ni mita 4.80 kwa 2.20. Godoro la wazazi lina upana wa sentimita 140, na magodoro mawili ya watoto yana sentimita 120 kila moja. Yakipangwa sambamba yanakula mita 3.80. Imebaki mita moja tu pembeni, na humo ndimo vyombo vyote vya jamaa nzima vitakamopangwa, na humo humo ndimo atakamopita mtu atakaye kutoka usiku. Isitoshe, godoro lina urefu wa sentimita 190, kwa hiyo kichwani na miguuni pamebaki sentimita 15 tu kila upande. Na kuta za mahema mengi ya siku hizi zimelala, hazikusimama wima. Alalaye humo hugusa kitambaa kwa paji la uso, na alfajiri huamka amelowa umande.

Basi afanye hivi. Amwulize muuzaji urefu na upana wa sakafu, kisha arudi nyumbani, achukue majivu au kamba, achore mstatili wa kipimo hicho uani. Ayatandike magodoro yake ndani ya mstatili, aweke sanduku na ndoo, awaite watoto wote walale, naye alale. Kazi hiyo haina gharama yoyote, na majirani wakicheka wachekee. Katika nusu saa atajua mambo ambayo muuzaji hatamwambia.

Wako watu ambao kazi yao ni kuwalaza wengine mahemani, na hesabu yao ni tofauti kabisa. Kanuni za kimataifa za kuwahudumia waliopatwa na maafa, zijulikanazo kwa jina la Sphere, zinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kujisitiri, bila kuhesabu mahali pa kupikia. Hema la jamaa litolewalo na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lina chumba cha mita za mraba 16, na vibaraza viwili, mbele na nyuma, vinavyoifikisha jumla kuwa mita za mraba 23. Nalo limekusudiwa watu watano. Kwa kipimo hicho lile hema la dukani la watu wanane lawatosha watatu. Ni kweli kwamba mtu aendaye kustarehe siku tatu hana haja ya nafasi ya mtu atakayekaa mwaka mzima. Sisi twaona mita mbili za mraba kwa kila mtu zatosha, pamoja na kibaraza cha vyombo. Kwa watu saba ni mita za mraba 14. Mwenye kutaka njia ya mkato na achukue hesabu ya muuzaji, aitoe theluthi: hema la "watu 12" ndilo la wanane. Dada yetu wa Ruziba atafute la namna hiyo, au asubiri mpaka akiba itimie.

Ukubwa peke yake hautoshi. Watoto watano hawawi wa umri mmoja. Palipo na binti wa miaka kumi na minne na kaka yake wa kumi na miwili, panahitajiwa pazia, na wazazi nao wanahitaji lao. Hema jema la jamaa lina pazia la ndani la kugawanya vyumba, au lina vitanzi darini vya kutundikia. Penye vitanzi, khanga mbili zilizoshonwa pamoja zafanya kazi hiyo vizuri kuliko kitambaa chembamba cha kiwandani kinachoonyesha kila kivuli taa ikiwashwa. Kadhalika mwanamke hana budi kuweza kusimama wima ndani na kuvaa nguo zake kwa heshima. Hema la kuinama siku tatu mfululizo huumiza mgongo, na halafu huumiza mapatano ya nyumbani. Milango iwe miwili ikiwezekana, yote yenye wavu mzuri wa kuzuia mbu, na madirisha vivyo hivyo; kando ya ziwa malaria haina likizo. Kagua zipu mara kumi, ukizifunga na kuzifungua kwa mkono mmoja. Zipu ndizo zifazo kwanza.

Yawezekana bwana wa nyumba atasema, "Kwa nini tununue, na kambini mahema yamejaa ghalani?" Askari wa Burundi wanayajua mahema. Wako waliokaa ndani yake Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, ambako kundi lao la kwanza lilifika Desemba 2007. Lakini hema la kambini ni mali ya serikali, na safari ya ziwani si kazi ya serikali. Tena halifai. Ni zito, hubebwa kwa lori, huhitaji watu kadhaa wenye mazoezi kulisimamisha, na rangi yake yaweza kuwatia hofu wanakijiji watakaoliona limesimama asubuhi ufukweni mwao. Kitu cha kuazima kutoka kambini ni ujuzi: namna ya kuchimba mfereji mdogo kulizunguka hema, namna ya kukaza kamba, na namna ya kulikunja likaenea tena katika mfuko wake.

Liko hema jingine la kuepukwa, nalo ni lile la msaada lenye alama ya shirika, ambalo mtu aweza kukuletea kwa bei nafuu. Mto Rusizi ulipofurika mwezi Aprili 2020, maelfu ya watu wa Gatumba walipoteza makao yao, na wengi wakaingia mahemani. Hema likitoka mikononi mwa watu kama hao, yuko mtoto aliyelala nje kwa ajili yake. Polisi na askari, ambao huenda siku moja wakatumwa kulinda kambi ya waliofurikiwa, wasionekane wamelala ndani yake kwa starehe.

Tuje kwenye kitambaa. Turubai la pamba hupumua, hupunguza joto la mchana, na hudumu miaka mingi likitunzwa. Lakini ni zito, na likiwekwa bichi huoza upesi. Likiwa jipya, lilowesheni maji nyumbani na kulianika, mara moja au mbili, ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Mvua inaponyesha, watoto waonywe wasiliguse kwa ndani, maana palipoguswa hupenyeza maji. Poliesta ni nyepesi na hukauka haraka, lakini jua kali huila, na mchana ndani yake ni kama tanuri. Juu ya mfuko wa hema la poliesta hutajwa milimita: 1,500, 2,000, 3,000. Maana yake ni kimo cha maji ambacho kitambaa chaweza kukibeba kabla ya kuanza kuvuja. La chini ya 1,500 liacheni dukani. Kwa mvua za kwetu tafuteni 3,000, na sakafu iwe nzito zaidi ya hapo, kwa kuwa uzito wa mtu aliyelala huyasukuma maji yapenye. Hema liwe na kitambaa cha pili juu ya paa, kisichogusana na cha ndani. Hewa ipitayo katikati ndiyo ipunguzayo joto la Rumonge. Mwenye nia ya kulala kando ya msitu wa Kibira ajue kwamba huko ni nchi nyingine. Ziwa liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Kibira yapita mita 2,000. Atajifunika blanketi mbili na kuona hazitoshi.

Mwezi Julai, hata hivyo, mvua siyo adui mkuu. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu juu ya ziwa, na hata siku tulivu upepo hugeuka: mchana hutoka majini, usiku hushuka kutoka milimani. Hema kubwa ni tanga. Vile vigingi vyembamba vya waya vinavyokuja pamoja nalo vyafaa bustani yenye nyasi, havifai mchanga. Chongesheni vigingi vya mti, vipana, vyenye urefu wa sentimita 40 au zaidi, vipigiliwe kwa mshazari, vichwa vyake vikilielekea upande mwingine wa hema. Au jazeni mchanga katika mifuko midogo, mfunge kamba, mkaifukie. Kamba zote zifungwe tangu jioni, hata kama hakuna upepo. Saa nane za usiku si wakati wa kutafuta nyundo. Nguzo za chuma ni nzito, lakini ikipinda moja, fundi yeyote wa kuchomelea pale Buyenzi atainyosha. Zile nyembamba za plastiki ngumu zikivunjika zimekwisha.

Njiani kutoka Ruziba kwenda Rumonge, kiasi cha kilomita 12 kusini ya Bujumbura, liko lile jiwe la Mugere, ambapo Livingstone na Stanley walilala usiku mbili kuanzia tarehe 25 Novemba 1871, majuma mawili tu baada ya kukutana Ujiji. Wasimamisheni watoto hapo walione. Novemba ni mwezi wa mvua, na wale wazee hawakuwa na zipu.

Pa kusimamisha hema pataka fikira kuliko hema lenyewe. Msijenge karibu na maji kwa sababu ya uzuri wa mandhari. Kiboko hutoka usiku kuja kula majani, na hurudi kwa njia ile ile. Penye njia iliyokanyagwa ikashuka ziwani, hameni. Mamba nao wapo, kwa hiyo maji huchotwa mchana, na mtu mzima. Ulizeni wenyeji na mzifuate sheria zao. Msikae chini ya mti mkavu wala katika mkondo wa kijito kilichokauka. Radi ikianza, hema halimkingi mtu, liwe la bei gani. Kimbilieni katika nyumba au ndani ya gari.

Na hili tunalisema kwa ukali. Jiko la makaa, ambalo Bujumbura twaliita babula, lisiingie hemani hata kwa dakika moja, hata kama limebaki na kaa moja, hata kama mtoto anatetemeka kwa baridi. Moshi usioonekana wa makaa huua watu waliolala, wala hauwaamshi kwanza. Kitambaa nacho hushika moto upesi kuliko mtu anavyoweza kufungua zipu. Pikieni mbali, upande ambao upepo unakwenda, na taa iwe ya betri.

Dada yetu ameuliza pia kama fedha hizo zisingefaa zaidi kuwekwa benki, kuliko kununua kitu cha siku tatu kwa mwaka. Hatuwezi kumwamulia. Lakini anakaa Ruziba, si mbali na ziwa. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia katika nyumba za ufukweni kuanzia Bujumbura hadi Rumonge, na wazee wanakumbuka kwamba mwaka 1964 yalipanda vilevile. Jamaa yenye hema lake, iliyokwisha kujifunza kulisimamisha kwa dakika 40, na inayojua nani abebe nguzo na nani ashike mtoto mdogo, ina pa kulala usiku ule ule juu ya kilima, kabla msaada haujafika. Kwa sababu hiyo twapendelea hema moja kubwa kuliko mawili madogo: jamaa hukaa pamoja, na hesabu ya watoto gizani haipotei.

Lisimamisheni kwanza uani kwa usiku mzima kabla ya safari, mlimwagie ndoo nne za maji juu ya mishono, mwangalie ndani kwa taa. Likivuja, lirudisheni dukani pamoja na stakabadhi. Mkirejea kutoka ziwani, anikeni tena hata kama laonekana kavu, kung'uteni mchanga kwenye zipu kwa brashi ya viatu, na mhesabu vigingi. Lisiwekwe sakafuni. Litundikeni darini, mbali na magunia ya maharage, kwa sababu panya akifuata maharage hupitia kwenye hema.