Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Mwalimu bora apelekwe darasa la kwanza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: MGAWANYO WA WALIMU KATIKA MADARASA YA CHINI

Mheshimiwa Waziri,



Kila Januari mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma hukaa kugawa vipindi. Kikao hicho hakina mgeni rasmi wala mwandishi wa habari, lakini kwa maoni yangu kina uzito zaidi kuliko vikao vingi vya elimu vinavyofanyika kwenye kumbi za hoteli. Darasa la saba huanza kuchaguliwa walimu: aliyebobea Hisabati, anayeaminika kwa Kiingereza, anayejua mitego ya mtihani wa Sayansi. Linafuata darasa la nne, maana nalo lina upimaji wa kitaifa. Anayebaki anapewa la kwanza. Huyo huwa ni ajira mpya ambaye bado anahangaikia chumba cha kupanga, au mama anayesubiri likizo ya uzazi, au mzee aliyebakiza miezi michache kustaafu, au yule asiyeelewana na mkuu wake. Nimefundisha shule za msingi mkoani Singida mpaka nikastaafu, na huko ofisini kushushwa darasa la kwanza ni adhabu ambayo kila mtu anaielewa bila barua kuandikwa.

Siwalaumu walimu wakuu. Wanapimwa kwa darasa la saba. Afisa Elimu Kata akipiga simu huulizia la saba, makambi ni ya la saba, mitihani ya ujirani mwema ni ya la saba, na kwenye kikao cha tathmini cha halmashauri mwenye ufaulu wa chini husimama kujieleza mbele ya wenzake. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora kitaifa, nalipongeza, ila orodha hizo bado zinapangwa wilayani na katani. Mimi sijawahi kumwona mwalimu mkuu akisimamishwa ajieleze kwa nini watoto wake wa darasa la kwanza wamefika Novemba hawajui silabi.

Na kazi yenyewe si nyepesi kama wanavyodhani wanaofundisha madarasa ya juu. Mtoto wa miaka sita anaweza kusoma ukurasa mzima bila kukosea huku kidole chake kiko kwenye mstari mwingine kabisa. Ameukariri. Funika picha, au mwanzishie katikati ya sentensi, atanyamaza. Mwalimu asiyeijua kazi hii atampigia vema na kumsogeza mbele, na mtoto huyo ataendelea kusogezwa hivyohivyo hadi darasa la tano. Anayeijua atamwandikia "mama", abadilishe silabi moja iwe "mada", kisha "mapa", neno lisilo na maana yoyote, aone kama mtoto anasoma au anabahatisha. Anajua kuanza na sauti ya herufi kabla ya jina lake. Anajua kwamba Kiswahili kina huruma kwa anayeanza kusoma, maana irabu zake tano hazigeuki sauti, lakini watoto watakwama kwenye "ng'ombe" na "ngoma", na tena kwenye "mbwa" na "nywele", na amejiandaa kwa siku hiyo. Anajua pia kwamba mtoto aliyelelewa kwa Kinyaturu au Kinyiramba anajifunza mambo mawili kwa mkupuo, kusoma na lugha anayosomea. Yote hayo ayafanye mbele ya watoto mia na zaidi, wakati mwongozo wa Wizara yako unasema 45. Mpe kazi hiyo mtu aliyekata tamaa uone matokeo yake.

Matokeo tumekwisha kuyaona. Ada ya shule za msingi ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka 2002, watoto walifurika darasa la kwanza. Tulijenga madarasa na kuongeza madawati, na walimu wakaandaliwa kwa mwaka mmoja wa chuo na mwaka mmoja wa kufundisha shuleni. Mtoto aliyeingia la kwanza mwaka huo na kupanda bila kurudia darasa alimaliza la saba 2008 na kidato cha nne 2012. Mheshimiwa, unaikumbuka 2012: takriban watahiniwa sita kati ya kumi walipata sifuri, nchi ikataharuki, Waziri Mkuu akaunda tume, na matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Zilitajwa sababu nyingi, na nyingi zilikuwa za kweli, ikiwemo ile ya kumhamisha mtoto ghafla kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Lakini dalili zilikuwepo mapema. Ripoti ya 2010 ya Uwezo, utafiti unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, ilionyesha kuwa ni takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali ilisikia, nikiri, na mwaka 2015 mtaala wa la kwanza na la pili ukapunguzwa masomo ili stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) zipate nafasi. Mtaala ulibadilika. Nani anaingia kuufundisha, hilo halikuguswa.

Wapo watakaosema tatizo ni fedha. Mwaka 2013 na 2014, watafiti wakiongozwa na Isaac Mbiti walilipima jambo hili hapa nchini, katika shule 350 za wilaya 10, kwa madarasa matatu ya mwanzo. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikupandisha alama za watoto. Kwa zile ambazo walimu wake waliahidiwa motisha tu kwa kila mtoto atakayefaulu, matokeo yalichanganyika. Zilizopata vyote viwili ziliwasogeza watoto, tena kuliko jumla ya matokeo ya ruzuku na ya motisha zikitolewa kila moja peke yake. Mimi nalisoma hivi: kitabu bila mwalimu mwenye ari hubaki kabatini, na ari bila kitabu huchoka.

Sasa kuna jambo la haraka. Kwa sera mpya elimu ya msingi ni miaka sita. Walioingia la tatu mwaka 2024 watahitimu 2027 pamoja na darasa la saba la mwisho. Mwaka wa saba ndio tulioutumia kuziba viraka: makambi, masomo ya usiku, kumfundisha kusoma mtoto wa miaka kumi na tatu. Kwa walioingia la tatu 2024 na wanaowafuata, mwaka huo haupo tena.

Najua walimu wa shule za msingi wanasimamiwa na TAMISEMI, usaili wao uko Sekretarieti ya Ajira, na nidhamu iko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Mtu mmoja, mabwana watatu. Lakini sera ni yako na Wathibiti Ubora wa Shule ni wako. Waagize wakifika shuleni waanzie la kwanza na la pili, wawasomeshe watoto mmoja mmoja kwa maandishi ambayo hawajawahi kuyaona, na walichokikuta kiandikwe ukurasa wa kwanza wa taarifa. Kaa na mwenzako wa TAMISEMI muweke sharti kwamba mwalimu wa darasa la kwanza awe na uzoefu wa miaka kadhaa na awe amepita mafunzo ya kufundisha kusoma kupitia Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), asihamishwe katikati ya mwaka, na apate posho inayoonekana kwenye mshahara. Cheti cha pongezi cha Mei Mosi hakitoshi.

Nawe ukija ziarani huku kwetu, utapelekwa kwenye maabara mpya na madarasa yenye vigae. Yaone, ni mazuri. Kisha omba uingie darasa la kwanza, mchague mwenyewe mtoto wa nyuma kabisa, umpe gazeti asome kichwa cha habari, na umuulize mwalimu mkuu ni kwa nini alimpanga humo mwalimu aliyempanga.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Singida.