Ukikaa nyuma ya duka nani atakuona?

Wa Tarime mpo? Wa Mugumu je, na nyie wa Dar mnaodhani huku kwetu Busawe simu tunazitumia kumulikia ng'ombe usiku? Poa. Leo tuliongelee lile duka lililomo ndani ya simu yako, Play Store. Wenye iPhone lenu linaitwa App Store, msinune, nanyi yanawahusu.

Hebu niambie, mara ya mwisho kupakua programu ulifanyaje? Uliandika neno moja, ukabonyeza ya kwanza au ya pili, basi. Hukushuka mpaka ya arobaini. Nani ana muda huo! Apple wenyewe husema karibu asilimia 65 ya programu zinazopakuliwa kwao huchukuliwa mtu akishamaliza tu kutafuta. Hapo ndipo penye ulaji, na hapo hapo ndipo penye kilio.

Chukulia mchizi mmoja wa hapa Busawe. Kamaliza form four, kajifunza kutengeneza programu kwa laptop ya mtumba na bando la usiku, katoa kitu bomba cha bei za ng'ombe minadani. Google wanataka dola 25, unalipa mara moja tu, yaani elfu sitini na kitu. (Apple ni dola 99 kila mwaka, hiyo tuwaachie wenye mifugo ya kuuza.) Halafu akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 lazima kwanza ipate watu wa kuijaribu programu siku 14 mfululizo. Walikuwa wanataka watu 20, Desemba 2024 wakashusha hadi 12. Washkaji 12 kijiweni wapo, kazi ni kuwazuia wasiifute siku ya tatu!

Haya, kafaulu, programu iko dukani. Anaandika "mnada" aione. Wapi! Anashuka, anashuka, kidole kinachoka.

Si kwamba wamemnyima. Mashine ya duka inaangalia jina na maelezo, inaangalia watu wangapi wamepakua, nyota ngapi wametoa, na kama programu inakwamakwama. Mahesabu yenyewe hasa hawakwambii. Kwa hiyo ili uonekane inabidi upakuliwe, na ili upakuliwe inabidi uonekane. Ni kama ile ajira inayotaka uzoefu wa miaka mitano wakati umetoka shule jana. Mwenye mshiko anaruka foleni: analipia tangazo, anakaa juu. Apple walianza kuiuza nafasi hiyo mwaka 2016.

Na sisi wa huku tunammaliza mchizi wetu bila kujua. Bando ni hela, kwa hiyo programu tunarushiana, Bluetooth au Xender, simu kwa simu. Raha tupu, haikuli hata senti. Lakini aliyerushiwa hakuandika neno dukani, hakubonyeza kitu, hakuacha nyota. Kijiji kizima kinaweza kuwa na programu ya jamaa, na dukani bado akaonekana hana watu.

Mnamkumbuka yule kijana wa Vietnam, Dong Nguyen, na kindege chake Flappy Bird? Alikitoa Mei 2013, kikakaa miezi bila mtu kushtuka. Januari 2014 kikapanda hadi namba moja, mwenyewe akasema matangazo yanamwingizia kama dola 50,000 kwa siku. Februari akakiondoa, presha ilimzidi. Kindege ni kile kile, kilichobadilika ni ngazi kiliyokaa.

Kukaa juu nako si cheti cha uzuri, msidanganyike. Novemba 2024 Benki Kuu yetu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Waliokopeshwa humo wanajua walivyodhalilishwa kwa ndugu na marafiki.

Sasa wewe fundi unafanyaje? Jina kwanza. Tangu 2021 Google wanaruhusu herufi 30 tu, na ukichomeka maneno ya kujisifu kama "namba moja", wanaikataa. "Bei za Mnada Serengeti na Tarime" ukihesabu na nafasi ni 32, haipiti. Toa "za" uone. Na maelezo uyaandike kwa Kiswahili cha watu, maana anayetafuta ataandika "ngombe", hana habari na ile alama ya juu. Nyota za kununua achana nazo, wakikugundua wanazifuta na wewe pengine wanakufukuza.

Na wewe mtumiaji, kuna kitu wengi hawakijui. Tangu Novemba 2021, nyota unazoziona Play Store ukiwa na simu ni za watu wa nchi yako. Kura za Wamarekani hazikufikii. Kwa hiyo nyota ishirini za Mugumu na Tarime si mchezo kwa programu ndogo kama hii. Uliyerushiwa kwa Xender, siku ukipata bando la ofa ifute, ingia dukani, andika jina lake, uipakue mwenyewe. Mpe nyota anazostahili. Kama inakwama, mwandikie hapo hapo inakwama wapi, arekebishe.

Haya, mie naenda kuchaji simu. Wiki ijayo panapo majaliwa.