Mganga Hajigangi

Watu wengi hudhani kwamba daktari au muuguzi ni mtu asiyejua hofu. Damu ameizoea na maiti ameziona. Basi litakalomtisha ni lipi? Dhana hiyo si ya kweli, nayo yaweza kuwadhuru wale wanaotumwa penye maafa.

Nchi ya Japani yaijua habari hii kwa uchungu. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la nchi liliupiga mji wa Kobe, watu zaidi ya 6,000 wakafa, wengine kwa kuwa matibabu yalichelewa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2005 Serikali iliunda vikosi vya madaktari na wauguzi waliofundishwa kufika upesi penye maafa. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa zaidi liliinua mawimbi ya bahari yaliyofagia miji ya pwani ya kaskazini mashariki. Wahudumu wapatao 1,800 wa vikosi hivyo walikwenda.

Walikuwa wamejiandaa kuwatibu watu walioangukiwa na nyumba. Lakini safari hii wengi wa waliokufa walikufa maji, na majeruhi wa kutibiwa walikuwa wachache kuliko ilivyotazamiwa. Mtu aliyesafiri mbali ili aokoe, akakuta wa kuokolewa ni wachache, ni rahisi ajilaumu. Tena ardhi iliendelea kutetemeka, na huko Fukushima mtambo wa nguvu za nyuklia ulivujisha mionzi isiyoonekana kwa macho.

Wataalamu waliochunguza hali ya baadhi yao miezi iliyofuata waligundua jambo la maana. Walioshikwa na fadhaa kubwa wakati wa kazi ndio walioelekea kusumbuliwa baadaye na kumbukumbu za maafa. Hali kadhalika waliotazama habari zake katika televisheni saa nyingi kila siku.

Hofu hiyo si uoga. Ni jeraha, na jeraha lisipotunzwa huchimba. Matunzo yake si ya gharama: kazi kwa zamu, chakula, usingizi, kupata habari za jamaa, na kupunguza kutazama picha za maafa. Anayetaka kusema asikilizwe. Asiyetaka asilazimishwe kusimulia. Mkubwa wa kazi ndiye apasaye kumwambia aliyechoka apumzike, kwa maana mwenyewe hatakubali kwamba amechoka. Mganga hajigangi.

Hapa Kenya, maji yalipozoa nyumba huko Mai Mahiu alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, majirani nao waliingia topeni kutafuta watu. Hao hawakuwa na sare wala mafunzo, lakini waliyoyaona ni yale yale. Basi mkulima au karani ambaye jirani yake amerudi kutoka kazi kama hiyo, asimdadisi idadi ya maiti. Ampe chai, amsaidie kazi za shamba siku mbili tatu, na akiona wiki zapita naye hapati usingizi, amsindikize zahanati.