Kwa Akina Mama na Akina Baba: Kulea Mimba Ugenini



Wazee wetu husema: Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Neno hilo ni kweli kwa mwanamke aliye kwao. Mama yake mzazi yu karibu, mama mkwe amekwisha kusema na mkunga, shangazi zake humletea ndagala na sombe, na uchungu ukimshika usiku, sauti moja tu yatosha kuwaamsha majirani. Lakini kwa mwanamke aliye ugenini kulea mimba nako ni kazi, tena kazi kubwa, kwa kuwa watu wale wote hawapo.

Sisi wa Fizi twalijua jambo hili. Mwaka 1996 vita vilipofika kwetu, watu wengi wa Baraka na wa vijiji vya ukingoni walivuka Ziwa Tanganyika wakaenda Kigoma, na mwaka uo huo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya ya Kasulu. Hukohuko wake zetu walichukua mimba na kuzaa. Meli zilipoanza kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka, mnamo Oktoba 2005, wengi wa watoto walioshuka pwani walikuwa hawajapata kuiona nchi ya wazazi wao. Na hata leo tunao ndugu Tanzania, Burundi, Uganda na hata Marekani. Basi, wasomaji walio huko, na ninyi mlio na binti huko, sikilizeni.

Mume na mke wakitazamia mtoto, hukimbilia kwanza kununua nguo. Ni vema kuwa na vitenge safi, sabuni, beseni na kofia ya mtoto, na kuvifunga pamoja tangu mwezi wa nane. Lakini nguo haziwezi kukushika mkono. Mwanamke aliye ugenini hana budi kutafuta watu kabla ya kutafuta vitu.

Tangu mimba ingali changa, mchague mwanamke mmoja mwenye moyo mwema na akili tulivu, awe jirani, au mwenzako wa jumuiya, au wa kwaya. Mwambie waziwazi: “Dada, mama yangu yuko mbali. Siku yangu ikifika, naomba uwe pamoja nami.” Usione haya. Kwenu watu walijua haja yako bila kuambiwa; ugenini hawataijua usipoisema. Wala hili si jambo la kubembelezwa tu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mama akiwa katika uchungu awe na mwenzi aliyemchagua mwenyewe, kwa sababu mama asiyeachwa peke yake huzaa vizuri zaidi. Mtafute na mtu wa pili wa kukaa na watoto wako wakubwa, na wa tatu mwenye pikipiki au gari, nanyi mpatane naye bei mapema.

Halafu nenda kliniki kabla mimba haijatimiza miezi mitatu. Shirika hilohilo lilishauri mwaka 2016 kwamba mama mjamzito aonane na waganga au wakunga mara nane kwa uchache. Huko watapima damu yako na mwendo wake, watakupa vidonge vya kuongeza damu na sindano ya pepopunda, na katika nchi za malaria watakupa dawa ya kuikinga na chandarua. Kadi wanayokuandikia itunze kama fedha. Ukihamishwa ghafula, iache sufuria, usiiache kadi. Itamweleza mkunga mgeni mambo usiyoweza kumweleza kwa lugha yake. Na wewe uliye Marekani, uombe mkalimani hospitalini, wala usimfanye mtoto wako wa shule kuwa mkalimani wako. Mambo ya uzazi si mzigo wa kumtwika mtoto.

Simu ya mama kutoka Baraka hutuliza moyo, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mama aliye ng'ambo ya ziwa hawezi kukupima kwa simu. Ukiona damu, au maji yakitoka kabla ya wakati, au kichwa kikiuma sana na macho yakiingia giza, au uso na mikono ikivimba, au homa kali, au mtoto akiacha kucheza tumboni, usingoje asubuhi wala usingoje shauri la nyumbani. Nenda hospitali saa ileile. Vilevile, ukiletewa kifurushi cha mizizi ya kuharakisha uchungu, usiinywe. Aliyeituma amekutakia mema, lakini dawa za namna hiyo zaweza kukaza tumbo kupita kiasi hata zikamwua mtoto au kumpasua mama kizazi.

Mtoto akiisha kuzaliwa, mpe ziwa katika saa ya kwanza, wala usiyamwage yale maziwa mazito ya njano, maana humkinga na magonjwa. Kisha baba ashike kazi yake, nayo ni karatasi. Katika Tanzania mtoto huandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa kwake. Sheria ya jamaa ya Kongo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, nayo hutoa siku 90. Pokea hati ya kizazi kutoka hospitali, upeleke habari, ungoje cheti. Angalia majina ya baba na mama yaandikwe sawasawa na yalivyo katika karatasi zenu, herufi kwa herufi. Sheria ya uraia ya mwaka 2004 yasema kwamba mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkongo, naye ni Mkongo tangu kuzaliwa. Lakini siku atakaporudi, ni nani atakayeshuhudia kwamba wewe ndiwe baba yake, ikiwa jina lako limeandikwa vingine? Cheti cha ubatizo ni kizuri, nacho kitunzwe, lakini hakishiki nafasi ya cheti cha serikali.

Neno la mwisho ni kwetu tuliobaki nyumbani. Tangu mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipokelewa Lusenda, na baadaye Mulongwe, katika Fizi yetu hii. Tena kila mara vita huwahamisha watu toka milimani hadi pwani. Miongoni mwao wamo wanawake wenye mimba, ambao mama zao wako mbali kama vile sisi tulivyo mbali na binti zetu. Labda mmoja huchota maji karibu nawe, naye anaona haya kusema. Usingoje akuombe. Mwulize mwezi wake ni upi, na ni nani atakayemsindikiza usiku. Kama akijibu kwamba hana mtu, basi mtu huyo ni wewe. Nasi tukitenda hivyo hapa, twaweza kuomba kwa uso mkunjufu kwamba huko Nyarugusu mwanamke fulani ambaye hatumjui amwulize binti yetu neno lilo hilo.