Droni mashariki mwa Congo: ruhusa inatoka Kinshasa, hatari iko Beni na Uvira

Droni ndogo ya kupiga picha za harusi haifikishi hata kilo moja. Lakini ikiruka juu ya Beni, Bunia ao Uvira, mtu aliye chini hana njia ya kujua kama ni ya mpiga video, ya jeshi ao ya adui. Kutoka hapo, swali la ruhusa si la makaratasi tu. Kwa mwenye kuirusha, linaweza kuwa swali la kurudi nyumbani ao kulala jela.

Kisheria, kwa serikali droni si mchezo wa watoto. Ni ndege. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao Congo ni mwanachama wake, unasema kunako kifungu cha 8 kwamba ndege isiyo na rubani hairuki juu ya nchi bila ruhusa maalum ya nchi hiyo. Hapa kwetu, usafiri wa anga unaongozwa na sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010, na mwenye kuusimamia ni Mamlaka ya usafiri wa anga, AAC. Kijana aliyenunua droni yake Bruxelles na kuileta ndani ya sanduku anakosea akifikiri kwamba sheria za kule zimemfuata. Ulaya inapanga droni kwa kadiri ya hatari: uzito wa gramu 250 ni mpaka muhimu, na mtu wa kawaida harushi zaidi ya mita 120 kwenda juu. Kunako mpaka wa Congo, mpango huo hauna nguvu tena.

Mashariki kuna uzito mwingine. Droni za kwanza kujulikana sana huku hazikuwa za raia. Desemba 2013, MONUSCO ilianza kurusha zake kutoka Goma, zisizo na silaha, kwa kuchunguza makundi yenye silaha. Miaka kumi baadaye jeshi la taifa likapata CH-4 kutoka China, zenye kubeba mabomu. Februari 2024, uwanja wa ndege wa Goma ulipigwa, na Kinshasa ikashitaki Rwanda kwamba ni droni zake. Nani atamlaumu mama wa Sake akikimbilia ndani ya nyumba akisikia mlio juu ya paa?

Ndiyo maana ruhusa ya AAC peke yake haitoshi. Tangu Mei 2021, Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi, ule wa état de siège. Askari wa kizuizi cha barabarani hamtii mtu wa AAC. Anamtii mkubwa wake. Kama mkubwa huyo hakuambiwa, karatasi yenye mhuri haina maana mbele yake, na si rahisi kumkatalia: kamera yenye kupiga harusi inaweza pia kupiga kambi iliyo nyuma ya kanisa.

Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, Januari na Februari 2025, fundo likazidi kukaza. Ruhusa ya Kinshasa inaweza kumletea mtu shida huko, na ruhusa ya watawala wa huko inaweza kumletea shida siku atakapovuka upande wa serikali.

Hasara yake si ndogo. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, picha za kutoka juu zilionyesha wapi lava ilisimama upande wa Buhene, na nyumba zipi zimekwisha. Kunako jimbo la Équateur, mwaka 2019, wizara ya afya na shirika la VillageReach walijaribu kupeleka chanjo kwa droni mahali mtumbwi unachukua saa nyingi. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda inasafirisha damu kwa droni za Zipline tangu 2016. Hospitali ngapi za Kivu hazina barabara?

Kenya nayo ilisitasita. Bunge lilifuta kanuni za kwanza mwaka 2018, nyingine zikatoka 2020. Lakini leo mpiga picha wa Nairobi anajua mlango gani wa kubisha.

Congo haiwezi kufungua anga ya eneo la vita, na hakuna mwenye akili anayeomba hivyo. Kinachowezekana ni kidogo zaidi: dosari moja yenye kupitia AAC na jeshi pamoja, jibu lenye kutolewa hapo jimboni, na orodha ya mahali palipokatazwa yenye kubandikwa pia kwa Kiswahili. Kizuizi kikiwa na nakala ya ruhusa, pamoja na tarehe, saa na namba ya mashine, askari atakuwa na kitu cha kulinganisha. Bila hiyo anaamua kwa hofu yake, na hata Buhene ikiungua tena, mwenye droni ataiacha ndani ya sanduku.