Gari la mzee si chuma chakavu

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii ilinijia juzi huko Chepkoilel, nje kidogo ya mji wa Eldoret, nyumbani kwa mzee mmoja mkulima.

Nyuma ya ghala la mahindi niliona Peugeot 404, magurudumu yamezama udongoni na kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Mwanawe, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa amekwisha kupatana bei na wanunuzi wa vyuma chakavu. Karo ilikuwa ikidaiwa.

"Baba, gari lisilotembea ni la nini?" kijana aliuliza. Mzee alinyamaza.

Ndugu msomaji, usimlaumu kijana upesi. Nilimsimulia habari ambayo huenda nawe hujaisikia.

Mnamo 1970, wanachama wa klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo walianzisha jijini Nairobi mashindano ya urembo wa magari, yaitwayo Concours d'Elegance. Hapo kasi haina tuzo. Kinachotafutwa ni utunzaji. Waamuzi hukagua rangi, viti, buti, injini, hata chini ya gari. Tope kidogo tu laweza kukupunguzia alama.

Kwa miaka mingi mashindano hayo yamefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Wenye magari na pikipiki za kale hukutana hapo, wengine wakitoka nchi jirani, na familia huja na watoto wao kutazama.

Nayo 404 si gari la kudharauliwa. Ilishinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, ndani ya 404. Isitoshe, Kenya hairuhusu magari ya mitumba yaliyozidi umri wa miaka 8 kuingizwa nchini. La mzee likikatwakatwa, kupata jingine si kazi rahisi.

Hapo ndipo mzee alipofungua kinywa. "Mwanangu, usiku uliozaliwa, gari hili ndilo lililompeleka mama yako hospitali. Mvua ilikuwa inanyesha."

Kijana aliinama. Lakini karo haingoji kumbukumbu, nami sikuwadanganya kwamba 404 ile ingewatajirisha. Niliwashauri watafute kitabu cha usajili, walifunike gari lisinyeshewe, wamwite fundi alipime. Kama ni lazima liuzwe, basi liuzwe kwa mtu atakayelifufua, si kwa mwenye shoka.

Wanunuzi walifika Jumamosi. Nimeambiwa waliondoka na plau mbovu ya trekta na mabati makuukuu. Karo ililipwa nusu, nusu wakaomba muda.

Je, msomaji, nyuma ya ghala lenu kuna nini? Kabla hujauza, muulize mzee.