Afya ya jamaa: Mama anayelea peke yake, na matunzo ya mtoto



Juma hili tuzungumze juu ya watoto wanaolelewa na mama peke yake: mama mjane, aliyeachwa, aliyezalia nyumbani kwao, au yule ambaye bwana alikwenda kwenye machimbo na hajarudi. Malaria haiulizi kama nyumbani kuna baba. Na sisi wote tunajua wamama ambao mtoto amekwisha kupona, lakini bado wanazuiliwa hospitalini kwa sababu ya faktire.

Mnamo Septemba 2023 Serikali ilianza kule Kinshasa mpango wa kuzalisha wamama bure, na mpango huo umepelekwa polepole katika majimbo mengine. Pale unapofanya kazi, mama anazaa bila kulipa, na mtoto mchanga anatunzwa bure mpaka siku 28. Chanjo nazo ni bure. Lakini akipata homa siku ya 29, mzazi ndiye anayelipa. Basi, mama, tafuta mlango wa matunzo kabla ugonjwa haujabisha. Iko milango mitatu.

Wa kwanza ni kazi yako mwenyewe. Kama uko na mkataba wa kazi, sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kugharamia matunzo ya mfanyakazi na ya jamaa yake. Haisemi mfanyakazi mwanaume tu. Watoto wako ni jamaa yako, hata kama huna bwana. Peleka majina yao ofisini.

Wa pili ni kazi ya baba. Wengi wanafikiri kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hana haki kwenye kampuni ya baba yake. Si hivyo. Sheria ya jamaa inakataza kubagua watoto kwa sababu ya namna walivyozaliwa. Lakini lazima baba amtambue mtoto mbele ya ofisi ya etasivili. Sheria inataka jambo hilo lifanyike ndani ya miezi 12 tangu mtoto kuzaliwa. Baba akikataa, tribinali ya watoto inaweza kulishughulikia. Kudai hivi si kumrudia bwana, wala si kuomba msaada. Ni haki ya mtoto.

Wa tatu, ambao ndio wa wengi wetu tunaouza sokoni na kulima, ni mutueli ya afya. Mutueli si duka la kutafuta faida. Ni watu wanaoweka makuta pamoja, ili anayeugua atunzwe kwa makuta ya wote; sheria yake ni namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017. Kwa kawaida mchango unalipwa kila mwaka, kwa kila kichwa cha watu wa nyumba. Wakikuuliza mkubwa wa nyumba ni nani, usiseme "baba yao hayuko." Taja jina lako. Anayelisha nyumba ndiye mkubwa wa nyumba.

Kabla ya kulipa, uliza mambo haya:
– Wanaandikisha watu miezi gani?
– Baada ya kulipa, tutangoja muda gani kabla ya kuanza kutunzwa?
– Ni vituo vya afya gani vinavyopokea karte yao?
– Mgonjwa mwenyewe anaongeza kiasi gani juu ya faktire?
– Kuongezwa damu, kupasuliwa na kulala hospitalini vimo?

Na ukumbuke: mara nyingi inabidi kuanzia kituo cha afya, upate karatasi ya kukutuma hospitali kuu. Ukikimbilia hospitali moja kwa moja, mutueli inaweza kukataa kulipa, isipokuwa kwa hatari ya ghafla.

Milango hii yote ina ufunguo mmoja: akti ya kuzaliwa. Karatasi unayopewa kwenye matenite si akti yenyewe. Ipeleke kwenye etasivili ndani ya siku 90. Kuandikisha mtoto katika muda huo ni bure. Mama anaweza kwenda mwenyewe, asingoje baba. Siku hizo zikipita, njia inakuwa ya tribinali, na njia ile inakula makuta na wakati.

Neno la mwisho ni kwa vikundi vyetu. Mama mwenye watoto watatu analipa vichwa vinne kwa mfuko mmoja. Tuseme mutueli inadai dola 6 kwa kichwa: ni dola 24 kwa mwaka. Huo ni mfano tu, kila mutueli iko na bei yake. Kuzitoa siku moja ni mzigo. Lakini akiweka nusu dola kila juma katika likelemba, baada ya majuma 48 zimetimia. Kikundi kifungue sanduku la pekee la mutueli, lisiguswe kwa sherehe wala kwa kilio, na wamama waende kujiandikisha pamoja siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Juma hili, kila mmoja amuulize jirani anayelea peke yake: "Dada, watoto wako na akti?" Kama hawana, msindikize kwenye komini.

Mubaki na amani, mpaka juma lijalo.